Ada Iliyogeuka Makochi

Mkuyuni, Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Tumeamkiana asubuhi na tutaonana tena kabla chakula hakijaiva, kwa hiyo salamu naziacha. Umeenda Mirongo kuwaaga rafiki zako, baba yako yuko ziwani anahangaika na mashine ya mtumbwi wa mtu, na mimi nimefunga stesheneri mapema ili niandike nikiwa peke yangu. Habari za kugawa hela sehemu mbili na kutokunywa maji mengi kabla ya basi tumezisema wiki nzima mpaka umechoka. Humu hazimo.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyosema juzi Alhamisi ukiwa unapiga pasi. Nilikuuliza kama umempigia mama yako mdogo kumwambia saa ya basi. Ukasema, "Nitampigia. Nitakaa kwake mpaka nipate chumba, lakini mama, alichonifanyia mwaka ule sijasahau." Nikajibu, "Usiseme hivyo bwana," kwa sauti ya mtu anayetaka uendelee kusema. Kisha nikaenda jikoni. Unajua kila siku naandika daftari langu. Siku hiyo niliandika: Alhamisi. Kabula bado ana kinyongo na Getu. Nimefurahi.

Kesho unakwenda kuanza kazi Dodoma, na utalala nyumbani kwa huyo Getu. Ile hela ya ada ya chuo, niliyokuambia kwamba aliahidi halafu akakaa kimya, aliituma. Aliituma yote, milioni moja na laki mbili, wiki tatu kabla ya chuo kufunguliwa. Aliyeipokea ni mimi na aliyeitumia ni mimi. Mwaka ule uliokaa nyumbani ukitoa fotokopi dukani wakati wenzako wako darasani niliusababisha mimi.

Kama umesimama hapo, kaa. Nitakueleza ilivyokuwa, na sielezi ili unisamehe upesi.

Mimi na mdogo wangu tulisoma shule moja ya sekondari kule Magu. Mimi nilimaliza kidato cha nne na daraja la pili, yeye miaka mitatu baadaye akapata la tatu. Mwaka wangu mvua ilikuwa imegoma, ng'ombe wa babu yako walikuwa mifupa, hakuna aliyetaka kuwanunua. Mwaka wake ng'ombe walikuwa wamenenepa. Wakauzwa watatu, Getu akaenda chuo, akapata kazi ya ofisini. Hakuna aliyenidhulumu. Hilo nalijua leo na nililijua hata siku ile, lakini kulijua hakukunisaidia chochote. Nilikuja mjini nikaolewa na baba yako, nikafungua meza ya kalamu na madaftari, na kila Getu alipokuja likizo nilimtazama kuanzia viatu.

Baadaye nikaanza kuandika. Wewe na baba yako mnaona nikilifungua daftari kila jioni, mnanitania kwamba mimi ni karani wa nyumba. Kurasa za nyuma hamjawahi kuziona. Nilikuwa nachora mstari katikati kwa rula na kalamu nyekundu. Upande mmoja naandika Getu, wa pili naandika Mimi. Getu: jokofu la milango miwili. Mimi: la mlango mmoja, la mtumba. Getu: pazia zenye tabaka mbili. Mimi: bado. Getu: hanenepi. Mimi: nimenenepa. Nilikuwa mwangalifu sana. Nikisahau kitu nilichokiona kwake, nilimpigia simu kwa kisingizio kingine nipate kukiuliza.

Ulikuwa na miaka saba uliporudi kutoka kwake likizo ya Desemba. Ulikaa mezani, nikakuwekea ugali na sato kwenye sahani ya plastiki. Ukaigonga kwa kijiko, ukasema, "Mama, hii haisemi kitu. Za mama mdogo zinasema ting." Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikulala vizuri siku tatu. Siku ya nne akapita Mama Shani, yule aliyekuwa anatembeza vyombo na beseni kichwani na kukopesha akina mama mtaani.

"Shusha beseni nione," nikamwambia.

"Nashusha, lakini wewe mama Kabula huwa unatazama tu kama uko makumbusho."

"Leo nanunua. Za udongo zipo?"

"Zipo. Chukua seti nzima, utanilipa kidogokidogo. Mwanamke mwenye nyumba yake simdai kwa kelele."

Nilichukua seti nzima. Mlizilia siku moja, kisha nikazifungia kabatini. Baada ya sahani zikaja glasi, baada ya glasi chupa za chai, mashuka, vitenge vya jozi. Kwenye kikundi cha mchezo wa kuchangiana hela nilipopokea zamu yangu, hela iliisha kwa Mama Shani kabla sijafika nyumbani. Na Mama Shani alikuwa mkweli kwa jambo moja, hakuwahi kunidai kwa kelele. Alikuja, akakaa kwenye kigoda cha dukani, akaniuliza habari za watoto wa watu, na kila mteja aliyeingia alijua kwa nini yupo.

Sasa nije kwenye ada. Getu aliituma Jumatatu. Nilikuwa nimeshika karatasi ya chuo ya kulipia, na kweli nilikuwa na nia ya kwenda Nyamagana benki siku ya pili yake. Jioni akapiga tena. "Dada, Ijumaa nitapita Mwanza, nina kikao. Nitalala kwako siku mbili." Nikatazama sebule. Viti vya mbao viwili, kimoja baba yako alikuwa amekifunga waya. Nikafungua daftari upande wa Getu: makochi ya kona.

Jumanne nilipanda kwenda mjini na karatasi ya chuo ndani ya pochi. Nilipita benki, nikaona foleni, nikajiambia nitarudi. Nikaenda kwa fundi wa makochi. Laki tisa. Kwa iliyobaki nikanunua pazia na zulia, na kilo mbili za nyama ili Ijumaa isiwe ya dagaa. Nilitumia hela ya Getu kumwonyesha Getu kwamba sina shida. Nimelitafutia hili jambo jina miaka yote, silipati.

Ili msionane, nilikutuma Magu kwa bibi yako. Nilikuambia anaumwa miguu. Miguu yake ilikuwa mizima, alikushangaa. Getu alipofika nilimwambia nafasi za chuo zimejaa, utaanza mwakani, hela yake nimeiweka. Akasema, "Sawa dada, wewe unajua kutunza." Akakaa kwenye kochi, akapapasa mkono wa kochi, akasema limetulia. Ile sekunde nilijisikia vizuri kuliko siku niliyopata matokeo ya kidato cha nne. Baba yako aliporudi kutoka ziwani alisimama mlangoni na viatu vyake vya oili. "Haya yanaruhusiwa kukaliwa, au tunayatazama tu?" Alidhani nimekopa, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia.

Ulirudi kutoka Magu ukiniuliza, "Mama mdogo ametuma?" Nilikuwa nimejipanga kukuambia kwamba zimeibiwa. Mdomo ukasema, "Hajatuma. Nimempigia hapokei." Uliingia chumbani. Nilisikia ukilia, na katikati ya kilio chako nikasikia ukisema, "Kumbe maneno tu." Kuanzia siku hiyo ukawa wangu peke yangu. Likizo hukwenda tena kwake. Akiomba nikupe simu ulimpa shikamoo ya haraka ukairudisha. Na nakuambia ukweli wote: ule mwaka wa fotokopi, mimi na wewe tukiwa bega kwa bega kwenye ile mashine, tukila karanga, wewe ukinisimulia vituko vya wateja, ulikuwa mwaka wangu mzuri. Nilikuibia mwaka nikaufurahia.

Mikopo haikuufurahia pamoja nami. Ilibidi nipate ada ya mwaka uliofuata, na hela sikuwa nayo. Nilichukua ile mikopo ya haraka wanayoiita kausha damu. Laki mbili, unarejesha elfu kumi kila siku kwa siku ishirini na sita. Siku ambayo duka halikuingiza elfu kumi nilikopa kwa mwingine nimlipe huyu. Kuna mwezi nilikuwa na wakopeshaji wanne, na ratiba yao niliiandika vizuri kwa rula kama ratiba ya vipindi shuleni.

Daftari ndilo lililoniumbua. Jumapili moja nilikaa nijumlishe madeni, na kwa kuwa kila kitu kina siku yake, nikaanza kuona mpangilio. Vitenge vya jozi: Getu alipiga Jumatano, nilinunua Ijumaa. Chupa za chai: Getu alituma picha kwenye kundi la familia Jumamosi, nilinunua Jumatatu. Nikarudi nyuma miaka minne. Karibu kila kitu nilichokopa kilikuwa ndani ya siku tatu tangu nisikie sauti yake au nione picha yake. Nilikuwa nimejiambia napenda vitu vizuri. Daftari lilionyesha kwamba ikipita wiki tatu Getu hajapiga, sinunui hata kijiko.

Basi sikuapa kwamba sitanunua tena, nilishaapa mara nyingi. Nilichofanya ni kuzilinda zile siku tatu. Getu akipiga, simu yangu yenye hela naikabidhi kwa baba yako, naye haulizi, anaitia kwenye boksi la spana. Nikitaka kitu nakiandika na siku niliyokitaka. Siku ya nne ikifika nakisoma. Vingine nilikuwa sikumbuki hata nilivitakia nini. Mama Shani nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia mbele ya wanawe, "Nitakulipa chote, lakini usinishushie beseni tena, hata nikikuita." Akasema, "Utaniita tu." Nilimwita mara mbili. Mara zote mbili alipita kama hasikii, Mungu ambariki.

Kigumu zaidi kilikuwa sare. Unajua akina mama wa kikundi chetu, kila harusi kitambaa kipya. Ile harusi ya jirani nilikwenda na gauni la kanisani, peke yangu katikati ya wanawake arobaini waliovaa kitenge cha rangi ya chungwa. Mama Neema, ambaye ndiye hukusanya hela za sare, akanisimamisha getini. "Mama Kabula, leo uko upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, au upande wa wapita njia?" Kundi zima likacheka. Nikamwambia, "Niko upande wa wanaolipa madeni, njoo ukae na sisi, nafasi zipo." Wengine waliacha kucheka, maana tunajuana. Lakini nilikula pilau ile kwa shida, na nilipofika nyumbani nilitamani nivikope vile vitenge hata kwa kuchelewa, nivivae ndani peke yangu.

Makochi niliyauza laki tatu na nusu. Wewe nilikuambia yameingia kunguni. Hiyo hela, na nilichoacha kununua, na mkopo mmoja wa mwisho wa kikundi, ndivyo vilivyokupeleka chuo. Kwa hiyo uliposema siku ya mahafali kwamba mama yako amekusomesha peke yake, na watu wakanipigia makofi, nusu ilikuwa kweli. Niliyapokea makofi yote. Getu alikuwa hapo, amekaa safu ya nyuma, akipiga makofi na yeye.

Nina neno moja kuhusu wewe. Jumatano simu yako ilikuwa kwenye chaji dukani, ikaja meseji ya kukumbusha mkopo. Sikuifungua, ilijionyesha yenyewe juu ya kioo. Na viatu vilivyoletwa na bodaboda mara tatu mwezi huu, ulivyosema ni vya rafiki yako, vina namba ya mguu wako. Sikuulizi umekopa kiasi gani. Mimi sina mdomo wa kukuuliza. Naomba tu utafute siku ya kila kiatu, halafu ujiulize siku moja au mbili kabla yake ulikuwa umemwona nani, au picha ya nani. Huenda hutakuta mtu. Ukimkuta, usimchukie, yeye hajui kama yumo humo. Huko kazini watakuja watu wa mikopo mpaka getini kwa sababu una mshahara. Watakuita dada, watakuita bosi. Wakikuuliza shida yako nini, jibu litakuja lenyewe mdomoni, na litakuwa zuri. Mimi nilikuwa na majibu mazuri sana.

Mshahara wako wa kwanza usininunulie kitu. Nitakifurahia vibaya. Nitakibeba mpaka kwa Mama Neema.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema: hata wewe nakuonea wivu. Ulipoleta barua ya kazi ya maabara, nilikukumbatia, kisha nikaisoma peke yangu dukani, nikaweka kidole kwenye jina lako nikijaribu jina langu hapo. Sikukutakia mabaya. Nilitaka tu na mimi niwe nayo, mara moja, yenye tarehe ya wakati nilipokuwa na miaka yako.

Jana mchana nilimpigia Getu. Nilikuwa nimeandika ya kusema kwenye karatasi ili nisipindishe. Nikamsomea.

"Subiri, dada. Makochi?"

"Makochi."

"Yale niliyokalia mimi?"

"Hayo hayo."

Alicheka mara moja, kifupi. Halafu akasema, "Unajua ile hela nilikopa kazini? Nimekatwa mshahara mwaka mzima na nusu. Nilikuwa nabeba viporo ofisini nafungua chini ya meza watu wasione. Na mtoto ananipa shikamoo kana kwamba ananidai."

Jokofu la milango miwili nililiandika. Hilo la viporo sikuwa nalo kwenye ukurasa wowote.

"Naomba unisamehe, Getu."

"Leo usiniombe. Leo nimekasirika sana. Hela utarudisha?"

"Nitarudisha. Laki moja kila mwezi."

"Rudisha." Hakusema acha tu dada, kama nilivyotegemea. "Na Kabula umwambie wewe, kabla hajapanda basi. Sitaki niwe mimi wa kumwambia mabaya ya mama yake nyumbani kwangu."

"Utampokea?"

"Wewe dada vipi? Nitakuwa stendi kabla basi halijaingia."

Nilikata simu nikamwonea wivu tena, safari hii kwa jibu lile. Nilijua kwamba ningekuwa mimi, ningemwambia mtoto mwenyewe, na ningechagua siku ambayo kuna wageni.

Baba yako nimemwambia leo asubuhi. Aliendelea kufuta spana yake muda mrefu. Akaniambia, "Kwa hiyo sikuruhusiwa kukalia ada ya mtoto." Akaondoka kwenda ziwani bila chai.

Kabula, sijui utakavyoingia kwa mama yako mdogo sasa. Utamwamkia vizuri, hilo najua. Mtakaa jioni mtazungumza, na atakuambia vitu vya utoto wetu ambavyo mimi sikukuambia kwa sababu ndani yake yeye ndiye mwema. Utampenda. Ulimpenda tangu ukiwa na miaka saba, mimi ndiye niliyekukatiza. Nikikupigia na kusikia mnacheka nyuma ya simu, nitakata mapema, ila nakuomba usihame chumba ili nisisikie. Cheka hapohapo. Na ukitaka kukaa kwake zaidi ya ulivyopanga, kaa, usitafute chumba kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika mbali, uwe na hasira zako huko na mimi nikiwa huku. Nimeona huo nao ni ujanja uleule wa kukutuma Magu. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi. Utaisoma ukiwa hapa sebuleni, kwenye kiti chochote, na mimi nitakuwa uani naparua sato wa chakula cha jioni. Mlango wa uani nitauacha wazi. Ukimaliza, njoo uniambie chochote, kwa sauti yoyote, hata kama majirani watasikia. Usipokuja, nitapika, nitakuita kula, na kesho nitakusindikiza stendi Nyegezi kama utaniruhusu.

Nasikia sauti yako barabarani, unaagana na mtu.

Mama yako